Seti nne, tano au sita: ndege moja ya nauli nafuu inahitaji wafanyakazi wangapi?

Saa tisa na dakika arobaini usiku, simu ya mezani inalia. Rubani msaidizi wa ndege ya saa kumi na mbili asubuhi ana homa. Sauti imemkauka, anaomba radhi mara tatu kama mtu aliyeiba kitu. Nafungua rosta, ratiba ya zamu. Wa stendibai, yaani wa akiba anayesubiri kuitwa, ni mmoja tu, naye aliitwa jana jioni kuziba pengo jingine, kwa hiyo muda wake wa kupumzika unaisha saa mbili asubuhi. Nampigia aliye likizo. Hapokei, na ana haki ya kutopokea. Ilipofika saa kumi na moja alfajiri abiria walikuwa wameshapanga foleni, na mama mmoja alikuwa amekumbatia boksi la keki ya harusi ya mdogo wake, akiuliza kama kule ndani kuna baridi ya kutosha. Ndege ilikuwa nzima, mafuta yamejazwa, kapteni yupo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa kiti cha kulia. Tuliondoka saa nne kasoro.

Nilipanga rosta kwa miaka kadhaa katika kampuni ambayo sitaitaja, na swali hili nimeulizwa kwa sura nyingi. Mwekezaji anayetaka kuanza na ndege mbili anauliza aajiri watu wangapi. Meneja aliyeambiwa abane matumizi anauliza anaweza kushuka hadi wapi bila kuvunja sheria. Kijana anayeomba kazi ya uhudumu anauliza kampuni ipi haitamkausha. Wote wanazungumzia kitu kimoja: kwa kila ndege, seti ngapi? Nne, tano, au sita?

Seti ni nini

Seti ni kikosi kimoja kamili cha kurusha ndege: kapteni, rubani msaidizi, na wahudumu wanaotosha viti vilivyofungwa. Kwa Dash 8-400, ndege ya pangaboi (inayosukumwa na mapanga) yenye viti 78, kama zile za Jambojet ya Nairobi, seti ni watu wanne, marubani wawili na wahudumu wawili. Kwa Airbus A320, jeti yenye viti 186, seti ni watu sita.

Idadi ya wahudumu haitokani na wingi wa chai ya kugawa. Kipimo cha Ulaya na Marekani, kinachofuatwa na nchi nyingine nyingi, ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na viti vinavyobaki juu ya hamsini huhesabiwa kama hamsini nyingine. Pia idadi haiwezi kushuka chini ya ile iliyotumika wakati aina hiyo ya ndege ilipofanyiwa jaribio la kuwatoa watu wote ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Wahudumu wapo kwa ajili ya sekunde hizo 90. Kahawa na biskuti ni kazi ya ziada.

Ndiyo maana mashirika ya nauli nafuu huhesabu viti kwa jicho kali. Ryanair ilichukua Boeing 737 ya viti 197, ambayo bado inatosheka na wahudumu wanne. Kiti cha 201 kingeleta mhudumu wa tano. Fastjet ilipoanza safari Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, Airbus A319 zake zilikuwa na viti 156, yaani viti sita juu ya 150, na viti hivyo sita vilimaanisha mhudumu wa nne. Mwaka 2022 easyJet ilikuwa na ndege za aina hiyo na haikuwa na wahudumu wa kutosha kwa msimu wa kiangazi. Iliamua kung'oa safu ya mwisho ya viti, ikabaki na 150, ili ndege iruke na wahudumu watatu. Kwa hiyo kabla hujauliza seti ngapi, hesabu viti. Unaweza kukuta viti sita vinakudai mshahara wa watu watano kwa kila ndege, mwaka mzima.

Nitavipima kwa nini

Chaguo zote tatu nitazipitisha kwenye vigezo vilevile: gharama, nafasi inayobaki chini ya ukomo wa saa, uwezo wa kuhimili siku mbaya, na hali ya watu wenyewe. Mwishoni mwa kila moja nitasema inamfaa nani. Lakini kuna hesabu mbili za kufanya kwanza. Wengi hufanya moja tu, na hapo ndipo wanapopotea.

Hesabu ya saa na hesabu ya siku

Tuanze na saa. Ulaya, rubani haruhusiwi kuzidi saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, wala saa 900 ndani ya mwaka wa kalenda. Marekani ukomo wa mwaka ni saa 1,000. TCAA ya Tanzania na KCAA ya Kenya, mamlaka za usafiri wa anga, zina kanuni zao, na hizo ndizo za kusoma kwanza kwa anayeruka kwetu. Hapa natumia 900 kama mfano wa kufanyia hesabu.

Chukua A320 inayoruka saa 12 kwa siku, siku 350 kwa mwaka, na siku 15 iko kwenye matengenezo. Hizo ni saa 4,200. Gawanya kwa 900, unapata seti 4.7. Hapo kila rubani amefika ukingoni kabisa, hakuna aliyeugua, hakuna aliyeacha kazi. Ukiwapangia saa 780 kwa mwaka, ambazo ni za kibinadamu zaidi, unahitaji seti 5.4.

Sasa chukua Dash 8 inayoruka saa 8 kwa siku, siku 350. Ni saa 2,800. Gawanya kwa 900, unapata seti 3.1, na mwenye mali anafurahi: "Kumbe tatu zinatosha!" Hazitoshi. Hapo ndipo hesabu ya pili inapoingia.

Mwaka una siku 365. Toa likizo, siku 28 kwa sheria ya kazi ya Tanzania. Toa siku mbili za mapumziko kwa kila wiki katika wiki 48 zilizobaki, ambazo ni 96. Toa mafunzo na upimaji wa afya, weka siku 14. Hizi watu huzidharau sana. Rubani wa Dash 8 anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Addis Ababa, kwenye chuo cha Ethiopian Airlines chenye simuleta (mashine ya kuigiza urukaji) ya ndege hiyo, hatumii saa nne za simuleta peke yake: ana siku ya kwenda, siku mbili ndani ya simuleta, siku ya kurudi, na anarudia tena baada ya miezi sita. Toa siku 7 za ugonjwa, misiba na mtoto aliyelazwa. Zinabaki 220. Katika hizo, weka 20 za stendibai. Zinabaki siku 200 ambazo mtu huyo anaweza kupangiwa safari.

Ndege moja inayoruka tangu alfajiri hadi usiku hula zamu mbili kwa siku. Zamu mbili kwa siku 350 ni zamu 700. Gawanya kwa 200: seti 3.5. Hiyo ndiyo sakafu ya Dash 8, na kila rubani atakuwa ameruka saa 800 tu, hajaukaribia sana ukomo. Lakini jaribu seti hizo 3.5 kwenye A320 ya saa 12: kila rubani angeruka saa 1,200. Haiwezekani kisheria.

Kwa hiyo ndege ya pangaboi inayofanya safari fupi hubanwa na siku, na jeti inayoruka sana hubanwa na saa. Fanya hesabu zote mbili, chukua iliyo kubwa, kisha ndipo uanze kufikiria akiba.

Kuna kubanwa kwingine kwa safari fupi ambako hakuonekani kwenye saa za kuruka. Kila kupaa na kutua, sekta kama tunavyoiita, kunachosha. Seti inayotoka Nairobi kwenda Kisumu, kurudi, kwenda Mombasa na kurudi, imeruka takriban saa nne tu. Ongeza saa moja ya kuripoti kabla, nusu saa ya kuiandaa ndege kwa safari inayofuata, mara tatu, na nusu saa ya kufunga kazi, utakuta watu wamekuwa kazini saa saba, wametua mara nne. Kanuni za Ulaya zinalitambua hilo: zamu ya mchana inaweza kufika saa 13, lakini kuanzia sekta ya tatu kila sekta hukata nusu saa. Anayepanga rosta kwa kuangalia saa za kuruka peke yake atawaona watu hawa kama wamefanya kazi nusu siku. Waulize wao.

Seti nne kwa ndege

*Gharama.* Ndiyo rahisi kuliko zote tatu. Dash 8 inakuwa na watu 16, A320 inakuwa na watu 24. Na gharama ya mtu si mshahara pekee: kuna simuleta, bima, sare, hoteli akilala nje ya kituo, na gari la kumfuata nyumbani saa tisa usiku.

*Nafasi chini ya ukomo.* Kwa Dash 8 ya saa 8, kila rubani anaruka saa 700 kwa mwaka. Ni nafasi nzuri. Kwa jeti ya saa 12, seti nne ni saa 1,050 kwa kila rubani, na mlango umefungwa hapo hapo. Jeti inaweza kuishi na seti nne kama inaruka saa 9 kwa siku au chini ya hapo. Kila rubani atabaki kwenye 790 hivi. Lakini jeti inayoruka saa 9 kwa siku katika biashara ya nauli nafuu mara nyingi haijilipi, kwa sababu malipo ya kukodi ndege hayaangalii imeruka saa ngapi.

*Siku mbaya.* Hapa ukubwa wa kampuni ndio unaoamua. Kwa mahesabu ya hapo juu, mtu mmoja yupo tayari kwa kazi siku 220 kati ya 365, yaani siku sita katika kila kumi. Kampuni ya ndege mbili yenye seti nne kwa kila ndege ina makapteni wanane. Siku ya kawaida waliopo ni kama watano, na zamu za siku ni nne. Anabaki mmoja, na siku nyingine hata huyo hayupo. Akiugua kapteni wa pili, ndege inalala. Kampuni ya ndege kumi kwa kiwango hicho hicho ina makapteni 40; waliopo ni 24, zamu ni 20, wanabaki wanne. Wanne hao wanazifunika ndege zote kumi, kwa sababu si rahisi watano wakaugua usiku mmoja. Uwiano ni uleule, lakini usingizi wa mpanga rosta si uleule.

*Watu.* Ratiba ikitulia, seti nne za Dash 8 si mateso. Mtu anajua siku zake, analala kwake. Ratiba ikiyumba, wanaoitwa siku za mapumziko ni walewale wachache wasioweza kukataa, na baada ya miezi sita hao ndio wa kwanza kuandika barua ya kuacha kazi.

*Inamfaa nani.* Kampuni ya pangaboi yenye ndege sita au zaidi za aina moja, kituo kimoja, safari za mchana, ndege zinazorudi nyumbani kila usiku. Pale viwanja vya mikoani visivyo na taa za kutulia usiku vinapofanya siku iishe jioni yenyewe, seti nne zinaweza kutosha vizuri.

Seti tano kwa ndege

*Gharama.* Watu 20 kwa Dash 8, watu 30 kwa A320. Kampuni ya A320 kumi ikipanda kutoka seti nne hadi tano inaongeza watu 60, na huo si uamuzi wa kufanya mwezi wa mauzo mabaya.

*Nafasi chini ya ukomo.* Kwa Dash 8 hii ni starehe: saa 560 kwa rubani. Kwa jeti ya saa 12 ni saa 840, na hapa ndipo pa kukaa na kufikiri. Umebakiwa na saa 60 kwa kila mtu hadi ukomo wa 900. Kwa zamu ya saa sita za kuruka, hizo ni zamu kumi. Kumi kwa mwaka mzima! Wagonjwa wachache wa ziada mwezi wa tatu na wa nne, wenzao wakawazibia, na ikifika Novemba unao makapteni nyumbani, wazima, wamepumzika, na huruhusiwi kuwaita kwa sababu saa zao zimekwisha. Desemba, abiria wanapokuwa wengi kuliko miezi yote, ndio mwezi ambao jeti yenye seti tano hukosa marubani.

*Siku mbaya.* Inahimili ugonjwa, mvua na ndege iliyoharibika. Haihimili kosa la kupanga likizo, wala sheria inayobadilika. Septemba 2017 Ryanair ilitangaza kufuta safari 40 hadi 50 kwa siku kwa wiki sita. Haikukosa ndege wala abiria. Ilikuwa inahamisha mwaka wake wa likizo kutoka Aprili–Machi kwenda Januari–Desemba, likizo za marubani zikasongamana kwenye miezi michache, na akiba ya stendibai ikaisha. Nchini India, kanuni mpya za uchovu ziliongeza mapumziko ya wiki ya rubani kutoka saa 36 hadi 48 na kupunguza idadi ya kutua usiku. Kanuni zilijulikana mapema. Desemba 2025 IndiGo, shirika kubwa kuliko yote nchini humo na la nauli nafuu, lilifuta safari zaidi ya 1,000 kwa siku moja kwa kukosa marubani wa kutosha chini ya kanuni hizo. Sisemi mashirika hayo yalikuwa na seti ngapi hasa. Ninachosema ni kwamba anayepanga watu wake karibu na ukomo huwa ameweka dau kwamba hakuna kitakachobadilika.

*Watu.* Kwa jeti, maisha yanawezekana lakini ni mazito: zamu tano, siku chache za kupumzika, zamu tano tena. Kwa pangaboi ni maisha mazuri, ila kuna jambo moja. Marubani wengi hulipwa mshahara wa msingi pamoja na posho ya saa walizoruka. Rubani wa Dash 8 anayeruka saa 560 anaweza kuona kampuni jirani inamlipa zaidi kwa sababu tu inamrusha zaidi. Kapteni mmoja kijana aliniambia mezani kwangu, "Bro, nimepumzika vya kutosha, sasa nataka ada ya watoto." Alihama miezi miwili baadaye.

*Inamfaa nani.* Jeti inayoruka saa 10 hadi 11 kwa siku, katika kampuni yenye ndege nyingi za aina moja na idara ya rosta iliyo makini. Pia pangaboi ya kampuni ndogo, ndege tatu hadi tano, ambayo inahitaji nafasi kwa sababu ya udogo wake.

Seti sita kwa ndege

*Gharama.* Watu 24 kwa Dash 8, 36 kwa A320. Ni ghali, na mwezi wa Machi au Aprili, mvua za masika zinapowaacha watalii kwao, mwenye kampuni ataingia ofisini na kuuliza hawa wote wanafanya nini. Jibu liwe tayari.

*Nafasi chini ya ukomo.* Jeti ya saa 12 inawapa marubani saa 700 kila mmoja. Ndege ikisukumwa hadi saa 13 kwa siku wakati wa msimu, bado hesabu inasimama. Ni kiwango hiki pekee kati ya vitatu ambacho kinairuhusu jeti kufanya kazi usiku na mchana bila kumfikisha mtu ukingoni.

*Siku mbaya.* Rudi kwenye kampuni ya ndege mbili. Makapteni 12, waliopo siku ya kawaida ni saba, zamu nne, wanabaki watatu. Mmoja akiugua na mwingine akiwa Addis kwenye simuleta iliyosogezwa mbele, ndege bado inaondoka saa kumi na mbili. Watu hushangaa nikisema kampuni changa yenye ndege mbili inahitaji seti nyingi kwa ndege kuliko kampuni kubwa yenye ndege kumi. Sababu ni hiyo: mkubwa anagawana akiba, mdogo hana wa kugawana naye. Na huwezi kuajiri nusu ya kapteni.

*Watu.* Mapumziko yapo, likizo ya Desemba inawezekana kwa baadhi, mtu anaweza kusoma au kulima. Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye karatasi ya mishahara: nafasi ya kufundisha. Rubani msaidizi anayepandishwa kuwa kapteni huruka kwa muda na mwalimu, na mwalimu huyo anakuwa ametolewa kwenye rosta ya kawaida. Kampuni yenye seti nne haiwezi kumtoa mwalimu wake hata wiki mbili. Ndiyo maana kampuni zilizobana sana hukwama kukua: wanaleta ndege mpya, hawana aliyekuwa huru kuwafundisha wa kuirusha.

*Inamfaa nani.* Kampuni inayoanza na ndege moja au mbili. Inayotarajia ndege nyingine ndani ya mwaka. Yenye vituo viwili mbali na kila kituo kina ndege zake. Au yenye jeti za safari za usiku. Kwa pangaboi ya mchana yenye kundi kubwa, seti sita ni nyingi mno, na watu wataondoka kwa kukosa saa.

Wahudumu wahesabiwe peke yao

Kosa nililoliona mara nyingi ni kuwahesabu wahudumu kwa seti zilezile za marubani. Seti za marubani ni sita kwa ndege, basi na za wahudumu ziwe hivyohivyo. Haiendi.

Wahudumu wengi kwetu ni wanawake vijana. Sheria ya Tanzania inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, Kenya miezi mitatu. Lakini mhudumu hasubiri siku ya kujifungua ndipo aache kuruka. Mara nyingi anashushwa ardhini mapema, tangu ujauzito unapothibitishwa. Kwa rosta, hiyo ni karibu mwaka mzima mtu hayupo angani, na hana kosa lolote. Ukiwa na wahudumu 16 na watatu wako katika hali hiyo kwa wakati mmoja, jambo la kawaida kabisa, seti zako nne za wahudumu zimekuwa tatu na kidogo. Nimeona msimamizi akinung'unika kwamba "wasichana wanapata mimba ovyo". Kinachopaswa kulaumiwa ni hesabu iliyosahau kwamba watu huzaa.

Upande wa pili, mhudumu mpya hufunzwa kwa wiki chache, wakati rubani mpya wa aina hiyo ya ndege huchukua miezi. Kwa hiyo pengo la wahudumu unaweza kuliziba haraka zaidi ukiliona mapema. Ushauri wangu ni kuongeza nusu seti hadi seti nzima ya wahudumu juu ya kiwango cha marubani ulichochagua. Wakati wa ukata, usianze kukata hapo.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Unaanza kampuni na Dash 8 mbili: kwa kila ndege chukua seti sita za makapteni, tano za marubani wasaidizi, na sita za wahudumu. Makapteni ndio adimu sokoni na ndio watakaofundisha. Ndege ya tatu ikija, usiajiri seti sita nyingine. Nne zitatosha, kwa sababu sasa akiba inagawanyika kwa ndege tatu.

Una pangaboi nane zinazorudi Nairobi au Dar es Salaam kila jioni: seti nne za marubani, nne na nusu za wahudumu. Pesa uliyookoa itumie kuwalipa vizuri wanaoitwa stendibai, na kutoa rosta mwezi mmoja kabla.

Una jeti na unataka iruke saa 12: usishuke chini ya tano na nusu. Ukijikuta na tano kwa sababu waajiriwa wapya bado wako mafunzoni, punguza safari za msimu mapema, kabla hujauza tiketi. Abiria aliyekosa tiketi Septemba atatafuta nyingine. Aliyefutiwa safari tarehe 23 Desemba, na mizigo yake iko mlangoni, hana pa kwenda.

Umeambiwa ubane matumizi: anza na viti kabla ya watu. Kama ndege ina viti 156 au 104, piga hesabu ya kung'oa safu moja. Kisha tazama siku zinazopotea kwenye simuleta, kwa kuwapeleka marubani wawili kwa pamoja ili wafanye mtihani kama seti moja. Watu wawe wa mwisho kuguswa, na kati yao usimguse mwalimu wa marubani.

Unaendesha kampuni yenye aina mbili za ndege, mathalani jeti mbili na pangaboi nne: hizo ni kampuni mbili machoni pa rosta. Kapteni wa Dash 8 hawezi kuitwa kuziba pengo la Airbus. Fanya hesabu mara mbili, na kwa zile jeti mbili jihesabu kama kampuni changa.

Na wewe unayeomba kazi: usiulize kampuni ina seti ngapi, hutaambiwa. Uliza rosta hutoka siku ngapi kabla ya mwezi kuanza. Uliza unawekwa stendibai siku ngapi kwa mwezi, na kama siku hizo zinalipwa hata usipoitwa. Kisha mtafute mhudumu aliyeko kazini, umuulize mwezi uliopita aliitwa mara ngapi siku yake ya mapumziko. Akisema mara moja, kampuni ina watu. Akianza kuhesabu kwa vidole, rudi nyumbani ukafikirie tena.